Eti zamani mikataba ya amani ilikuwa inaamuru watu wasahau? Na ilifanya kazi kweli?

Mchota Maji

Habari wakuu, naomba kueleweshwa na wale mnaopenda historia maana hili jambo limenikaa kichwani wiki nzima. Nilikuwa najisomea tu habari za Vita vya Miaka Thelathini kule Ulaya, vile vya 1618 mpaka 1648, nikafika kwenye mkataba wa Westphalia uliovimaliza, nikasema ngoja nisome walichoandika wenyewe badala ya kusoma muhtasari wa watu. Kifungu cha kwanza kinasema kuwe na amani ya milele, sawa, hiyo nilitegemea. Cha pili ndo kimenishangaza. Eti yote yaliyotendwa tangu fujo zianze, iwe kwa maneno, kwa maandishi au kwa vitendo, kila upande uyasahau milele, yazikwe yasisikike tena.

Yani miaka thelathini ya kuchoma vijiji, mamilioni ya watu wamekufa kwa vita na njaa na tauni, halafu mtu anakaa mezani anachovya kalamu anaandika "sahauni". Sisi siku hizi tumezoea kusikia hakuna amani bila haki, kila vita vikiisha tu swali la kwanza ni nani anapelekwa mahakamani. Sasa swali langu ni mawili. Moja, hii ya kuamuru watu wasahau ilikuwa ya hao wa Westphalia tu au ndo ulikuwa mtindo? Pili, ilifanya kazi? Maana mimi ukiniambia nisahau kitu ndo kwanza nakikumbuka.

Bwana Nyaraka

Mchota Maji umeuliza swali zuri sana na jibu la swali lako la kwanza ni kwamba ulikuwa mtindo, tena wa zamani kuliko unavyodhani. Ufaransa miaka hamsini kabla ya Westphalia walifanya hivyo hivyo, amri ya Nantes ya 1598 iliyomaliza vita vya Wakatoliki na Waprotestanti inaanza na hilo hilo, kwamba kumbukumbu ya yote yaliyotokea tangu Machi 1585 izimwe kama jambo ambalo halijawahi kutokea. Izimwe, kama taa.

Ukirudi nyuma zaidi kuna mkataba wa Ramesses wa pili wa Misri na Hattusili mfalme wa Wahiti, kama 1259 KK hivi, ulioandikwa kwenye mabamba ya fedha, nakala yake ya udongo imechongwa upya na iko makao makuu ya Umoja wa Mataifa New York. Ule una kitu mimi napenda sana. Walikubaliana kurudishiana wakimbizi, sasa wakajiuliza huyu tukimrudisha si atauawa? Wakaandika kabisa kwamba anayerudishwa asishtakiwe kosa lake, asiharibiwe nyumba yake wala wake zake wala watoto wake, na asiumizwe macho, masikio, mdomo wala miguu. Ukiona mtu anaandika orodha ya viungo namna hiyo ujue alikuwa anajua vizuri kinachowapataga watu wanaorudishwa.

Lakini kesi tamu kuliko zote ni Athens 403 KK, na hiyo ndo itakujibu la pili. Athens walishindwa vita na Sparta mwaka 404, Sparta ikawawekea watawala thelathini, vibaraka wake kutoka kwa matajiri, wakatawala miezi nane hivi, na hiyo miezi nane ikatosha kuua watu 1,500 ambao wengi walikuwa raia wenzao, wengine kwa sababu tu walikuwa na mali. Waliokimbia wakajikusanya, wakarudi na silaha, wakapigana mpaka wale thelathini wakaanguka, mkubwa wao Kritias akafia vitani. Sasa fikiria mji mdogo ambao kila mtu anajua nani alimchongea nani. Wakaapa, raia wote, kwamba hawatakumbushia mabaya. Sio "tutasahau", neno lao lilikuwa na maana ya kutokumbushia, kutomtupia mwenzio usoni.

Na usidhani waliishia kwenye kiapo. Anayeogopa kubaki mjini aliruhusiwa kwenda kuishi Eleusis, mji wa jirani, na mali yake, akajiandikishe ndani ya siku kumi na ahame ndani ya siku ishirini. Wale thelathini wenyewe na wakuu wengine wachache, wakiwemo wale kumi na moja waliokuwa wanasimamia jela na mauaji, hawakuingia kwenye msamaha mpaka wakubali kutoa hesabu ya walichofanya. Aliyeua kwa mkono wake mwenyewe aliweza kushtakiwa bado. Deni ambalo wale madhalimu walikopa Sparta ili kuwapiga hao hao wananchi, wananchi wakakubali kulilipa kwa pamoja! Na mtu wa kwanza aliyerudi uhamishoni akaanza kukumbushia, mwanasiasa Archinos alimfikisha mbele ya baraza akaomba auawe, wakamuua bila kesi. Aristotle (au mwanafunzi wake, wanabishana) anasema baada ya hapo hakuna aliyethubutu tena.

Kwa hiyo ilifanya kazi, ndiyo. Demokrasia yao ikadumu miaka themanini na kitu mbele. Ila angalia ilifanya kazi kwa namna gani.

kipanya_mweusi

mkuu Nyaraka hapo mwisho umenimaliza, yani amani ililindwa kwa kumuua mtu aliyekumbuka 😂 halafu tunaita msamaha

mi naona wazee walishamaliza hili, kuna wanaosema yaliyopita si ndwele tugange yajayo na kuna wanaosema mficha maradhi kifo humuumbua, chagua moja uende nayo. Mi naenda na ya pili. Hao wa Athens mwanafalsafa Socrates si walimuua miaka minne baadae?

Bwana Nyaraka

399 ndiyo. Na umegusa pabaya maana wanahistoria wengi wanaamini kilichomponza nusu yake ni ukaribu wake na Kritias, aliyewahi kukaa miguuni pake kama mwanafunzi. Ila kwa sababu ya kiapo hakuna aliyeweza kusema hilo mahakamani, ikabidi ashtakiwe kwa kutoheshimu miungu na kuharibu vijana. Kwa hiyo sikatai, maradhi yalikuwepo na yalitokea kwa mlango mwingine.

Binti Sheria

Jamani naomba niingie hapa maana naona neno "kusahau" linatupotosha. Mchota Maji, kile kifungu cha pili usikisome kama ushauri wa kiroho. Ni amri ya kisheria, na maana yake ni hakuna kesi. Yani wewe ambaye nyumba yako ilichomwa na jeshi la mtawala fulani mwaka 1632 huwezi kwenda mbele ya hakimu 1650 kudai, na jirani yako aliyepora ng'ombe wako kwa jina la dini hawezi kukamatwa. Kichwani kumbuka unavyotaka. Hilo neno tunalolitumia leo la kiingereza na kifaransa kwa msamaha wa kisiasa linatokana na Kigiriki cha kusahau, na ndo maana mikataba ilikuwa inaandika hivyo. Hakuna aliyedhani mjane wa Magdeburg, mji ulioteketezwa katika vita hivyo, atasahau.

Kilichobadilika kati yao na sisi ni lini dunia ilianza kuona kwamba kuna makosa ambayo wakubwa wakikaa mezani hawana mamlaka ya kuyafuta. Na hiyo haikuja kwa siku moja. Jaribio kubwa la kwanza ni Versailles 1919, mkataba uliofuata Vita Kuu ya Kwanza, kifungu cha 227 kinataka Kaiser Wilhelm, mfalme wa Ujerumani, ashtakiwe, yeye akawa ameshakimbilia Uholanzi na Uholanzi ikagoma kumtoa, akafia huko huko 1941. Kesi za wengine wakaachiwa Wajerumani wenyewe wazisikilize Leipzig 1921, wakahukumiwa wachache kwa vifungo vya kuchekesha. Halafu kuna hii ambayo haisemwi sana. Mkataba wa Sèvres wa 1920 na Dola ya Uthmaniya ulidai watu waliohusika na mauaji ya halaiki wakati wa vita wakabidhiwe wahukumiwe. Waturuki wakaukataa, wakapigana, wakashinda, na mkataba ulioubadili, wa Lausanne 1923, ukaja na tamko la msamaha limeambatanishwa. Kwa hiyo mwaka 1923 bado tulikuwa Westphalia, aliyebaki na jeshi anapata usahaulifu.

Nuremberg 1945 hadi 1946, kesi ya viongozi wa Nazi, ndo palivunjika, walishtakiwa 24, 12 wakahukumiwa kifo, watatu wakaachiwa. Lakini hata hapo tusijidanganye, ile iliwezekana kwa sababu Ujerumani ilikuwa imesambaratika kabisa, hakuna mtu wa kukaa naye mezani. Vita vingi haviishi hivyo, vinaisha pande zote mbili bado zina bunduki.

Na kwangu mimi tarehe muhimu kuliko zote ni 7 Julai 1999, Lomé. Serikali ya Sierra Leone na waasi wa RUF wanasaini. Foday Sankoh, kiongozi wa kundi lililokuwa linakata watu mikono, mtu ambaye mwaka mmoja kabla alishahukumiwa kifo kwa uhaini, anapewa msamaha kamili na juu yake anapewa uenyekiti wa tume ya madini, cheo sawa na makamu wa rais. Madini!! Mwakilishi wa Umoja wa Mataifa Francis Okelo akasaini kama shahidi, lakini akaongeza kwa mwandiko wake pembeni kwamba Umoja wa Mataifa hautambui msamaha huu kwa mauaji ya kimbari, makosa dhidi ya binadamu na makosa ya kivita. Sentensi moja ya kalamu. Miezi kumi baadaye RUF wakateka wanajeshi wa kulinda amani kama 500, Sankoh akakamatwa, na ilipoundwa Mahakama Maalumu ya Sierra Leone 2002 sheria yake ikasema wazi msamaha wa Lomé si kizuizi. Sankoh alifia mikononi mwao 2003 kabla ya hukumu, na Charles Taylor, rais wa zamani wa Liberia aliyewasaidia RUF, akala miaka 50 mwaka 2012. Tangu hapo wapatanishi wa Umoja wa Mataifa hawaruhusiwi kubariki msamaha wa makosa ya aina hiyo.

Mchota Maji

Binti Sheria asante sana dada, umenifungua. Kwa hiyo maneno matatu pembeni mwa karatasi ndo yamebadilisha kitu cha miaka elfu mbili na zaidi?

Zamu ya Usiku

Maneno pembeni hayakubadilisha kitu, wanajeshi ndo walibadilisha. Samahani kwa kuwa mkali ila nasoma uzi huu naona kila mtu anaongelea msamaha na mahakama kana kwamba vita vinaisha kwa sababu ya hayo. Sankoh asingekamatwa kama wananchi wasingeandamana mpaka nyumbani kwake na Waingereza wasingeshusha makomandoo Freetown Mei 2000.

Chukua Angola na Msumbiji, majirani wa historia, wote walitawaliwa na Wareno, wote uhuru 1975, wote vita vya wenyewe kwa wenyewe vinavyochochewa na wakubwa wa nje, na wote mikataba yao ilikuwa na msamaha. Angola wakasaini Bicesse 31 Mei 1991. Msumbiji wakasaini Roma 4 Oktoba 1992, wakisuluhishwa na jumuiya ya kikatoliki ya Sant'Egidio, na siku kumi tu baada ya hapo bunge lao likapitisha sheria ya msamaha, hakuna tume ya ukweli, hakuna kesi, hakuna kitu, vita vya miaka 16 vimefunikwa hivyo. Kwenye suala lenu la kusahau hawa wawili ni sawa. Sasa kwa nini Angola walirudi kuuana mwaka mmoja baadaye na Msumbiji hawakurudi?

Angola walikwenda kwenye uchaguzi Septemba 1992 majeshi yote mawili bado yamesimama, waangalizi wa Umoja wa Mataifa walikuwa mia chache nchi kubwa vile, Savimbi, kiongozi wa waasi wa UNITA, alipoona matokeo rais dos Santos 49 na kitu yeye 40 akarudi porini, kwa sababu alikuwa na pori la kurudi na almasi za kununulia risasi. Umoja wa Mataifa ukajifunza kwa aibu ile ile. Msumbiji wakapeleka wanajeshi maelfu, wakasema hakuna uchaguzi mpaka wapiganaji wakusanywe kambini na wakabidhi silaha, uchaguzi ukasogezwa mpaka Oktoba 1994. Na Renamo, waasi wa Msumbiji, hawakuwa na almasi, Afrika Kusini ilishawaacha, mwaka 1992 ukame umekausha kila kitu hata waasi hawana cha kuiba kijijini. Halafu jambo ambalo watu wanaona aibu kulisema: ukafunguliwa mfuko wa kuwapa Renamo pesa wawe chama cha siasa, ofisi, nyumba, magari, suti. Ndiyo, amani ilinunuliwa. Kiongozi wao Dhlakama aligoma usiku wa kuamkia uchaguzi, akabembelezwa, akarudi siku ya pili, wakaongeza siku ya tatu ya kupiga kura, ikaisha.

Angola walisaini tena Lusaka 1994, ikavunjika tena. Ikaisha Savimbi alipouawa Februari 2002, ndani ya wiki sita wanasaini Luena, na msamaha mwingine juu.

Kwa hiyo mimi nikisoma mkataba kifungu cha kusahau nakiruka. Nakwenda moja kwa moja kuangalia nani anashika silaha, anazikabidhi lini, kwa nani, na anakula nini siku inayofuata.

kipanya_mweusi

Zamu ya Usiku unaongea kama mtu aliyelala kwenye handaki 😅 lakini Msumbiji si walirudi porini 2013?

Zamu ya Usiku

Walirudi, na sababu ni hiyo hiyo. Roma iliwaachia Renamo walinzi wenye silaha wa kiongozi wao "kwa muda", muda ukawa miaka ishirini. Wakasaini tena 2014, tena Agosti 2019, na kambi ya mwisho ya Renamo imefungwa Juni 2023. Hesabu mwenyewe kutoka 1992. Bunduki chache mlizoziachia kwa adabu ndo zinawarudia.

Mama Shuhuda

Wanangu mimi nasoma kimya kimya toka juzi, nimeona niseme moja. Mnabishana asamehe au ashtaki, akabidhi bunduki au apewe suti, lakini hamjauliza ni nani anayesamehe. Westphalia waliokaa miaka minne Münster na Osnabrück ni mabalozi wa wafalme. Lomé ni serikali na RUF. Yule aliyekatwa mkono alikuwa wapi? Mtu akinisamehea mimi deni lako anafurahi yeye na wewe, mimi niliyekukopesha nimekaa nje.

Wanawake wa Liberia 2003 waliliona hilo. Mazungumzo yalikuwa Accra, wababe wa vita wanakaa hotelini, wanakula, wanagawana vyeo, wiki zinapita na Monrovia inapigwa mabomu. Leymah Gbowee na wenzake wakaenda wakakaa sakafuni mlangoni pa ukumbi wakashikana mikono, hakuna kutoka mpaka muafaka upatikane, na walinzi walipotaka kumkamata akatishia kuvua nguo. Mnajua mama mtu mzima akivua nguo mbele ya wanaume ni laana ya namna gani. Mkataba ukasainiwa 18 Agosti.

Na Colombia 2016, serikali na waasi wa FARC walimaliza vita vya miaka zaidi ya hamsini, wakaupeleka mkataba kwa wananchi wapige kura Oktoba 2. Ukakataliwa kwa kura zisizofika 54,000 nchi nzima. Lakini angalia waliokubali ni nani. Bojayá, mahali ambapo 2002 bomu la FARC liliangukia kanisa lililojaa watu waliojificha humo, pale walisema ndiyo kwa asilimia 96. Sehemu nyingi zilizolala na vita mlangoni zilisema ndiyo, na hapana nyingi zilitoka mijini kwa watu waliokuwa wanaviona kwenye televisheni. Kwa hiyo msiwasemee wahanga kwamba wote wanataka kisasi, wala msiwasemee kwamba wote wamesamehe. Waulizeni.

Mchota Maji

Mama shikamoo, hilo la Bojayá sikulijua kabisa. Sasa hapo katikati Afrika Kusini inakaa wapi? Maana ile tume ya Askofu Tutu wote tunaisifia kwamba ilipata njia ya kati, sema ukweli usamehewe.

Binti Sheria

Marahaba ya mama siwezi kuijibu mimi lakini la Afrika Kusini nitajaribu. Kwanza tujue msamaha haukutoka kwenye tume, ulishakubaliwa 1993 kwenye mwisho wa katiba ya mpito kabla Mandela hajashika nchi, kwa sababu makamanda wa makaburu walisema wazi hatulindi uchaguzi halafu tukimaliza mtufunge. Ubunifu wao ni kwamba waliukata vipande. Hakuna msamaha wa jumla, unaomba wewe binafsi, kosa kwa kosa, unaeleza yote hadharani, na uthibitishe kwamba lilikuwa la kisiasa. Wakaomba 7,112, wakapewa 849. Watu wanadhani kila aliyelia mbele ya Tutu alisamehewa, hapana, waliokataliwa ni zaidi ya elfu tano, wengi wao wafungwa wa kawaida waliojaribu bahati.

Ila njia ya kati ilikuwa na sharti, kwamba asiyeomba au aliyenyimwa anashtakiwa. Na hapo ndo ilivunjika. Tume ilikabidhi waendesha mashtaka kesi kama 300, zilizofika mahakamani zinahesabika, rais wa zamani P. W. Botha aligoma hata kufika mbele ya tume, na familia zinasubiri mpaka leo, mwaka 2025 rais Ramaphosa ameunda tume ya kuchunguza nani alizizuia hizo kesi. Fidia nayo, randi 30,000 mara moja, 2003. Kwa hiyo tunasifia nusu ya mpango, nusu nyingine haikutekelezwa.

Rwanda wao walikataa njia hiyo, wakasema kila mtu atasikilizwa, wakafufua gacaca, mabaraza ya jadi ya kijijini, kwa sababu jela zilikuwa na watu zaidi ya laki moja na mahakama za kawaida zingechukua zaidi ya miaka mia. Mahakama kama 12,000, kesi zaidi ya milioni, wakafunga Juni 2012. Kuna wanaoisifia na kuna wanaosema makosa ya washindi hayakuguswa. Hiyo ni uzi mwingine.

kipanya_mweusi

nimekumbuka Uhispania, hawa ndo wa kusahau kweli kweli. dikteta Franco kafa 1975, 1977 wanapitisha sheria ya msamaha kwa wote, wafungwa wa kisiasa watoke na wauaji wa serikali wasiguswe, wakakubaliana kimya kimya hakuna kufukua makaburi. Na hapa sio msemo, ni makaburi kweli, watu zaidi ya laki moja wamelala kwenye mashimo pembeni ya barabara toka miaka ya 30. Hakimu Garzón 2008 akataka kuchunguza, aliyepandishwa kizimbani akawa yeye! akaachiwa kwa hilo 2012. Wajukuu ndo wameanza kufukua wenyewe kwa koleo. Na 2019 wakamfukua mpaka Franco wakamhamisha.

kwa hiyo nasema tena, mficha maradhi

Zamu ya Usiku

Na nchi ilikaa miaka arobaini bila vita, imekuwa demokrasia, imejenga. Hebu liseme na hilo. Wajukuu wanafukua kwa koleo kwa sababu babu zao hawakufukua kwa bunduki.

Halafu swali kwa Binti Sheria, maana hilo la hati za kukamatwa nalo lina bei. Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA wa Uganda. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ikatoa hati 2005, mazungumzo ya Juba yakaanza 2006, mkataba ukakamilika 2008, akasubiriwa porini kusaini, hakutokea, moja ya sababu alizokuwa anazitoa ni ile hati. Vita vikahamia Kongo na Afrika ya Kati, watu wengine wakafa ambao hawakuwa hata Waganda. Utawaambia nini hao, kwamba haki imetendeka?

Binti Sheria

Sina jibu safi, nakiri. Ningeweza kusema mazungumzo na Kony yalishavunjika kabla hati hazijakuwepo, 1994 kwa mfano, na kwamba wengine wanasema ni hizo hizo hati zilizomsukuma akaja mezani. Lakini aliyekufa Kongo Desemba 2008 hilo halimsaidii. Na upande wa pili Uganda ilikuwa na sheria ya msamaha toka 2000, maelfu ya waliokuwa LRA wametoka porini kwa sheria hiyo, wengi wao walitekwa wakiwa watoto. Bila hiyo wangebaki kupigana. Thomas Kwoyelo aliiomba akanyimwa, akakaa rumande miaka kumi na tano, 2024 amehukumiwa miaka 40. Naye alitekwa mtoto.

Mchota Maji

Wakuu nimerudi. Baada ya Zamu ya Usiku kusema anaruka kifungu cha kusahau, nikasema ngoja na mimi niendelee kusoma Westphalia mpaka mwisho badala ya kugandia kifungu cha pili. Kumbe kule mbele, kwenye ule mkataba wa Osnabrück, mmoja wa ile ya Westphalia, yameandikwa yote! Dini irudi ilivyokuwa tarehe 1 Januari 1624, kwa hiyo hakuna kubishana nani alinyang'anya kanisa la nani baada ya hapo. Na jeshi la Wasweden lilipwe sarafu za thaler milioni tano ndo litoke, zigawanywe kwa kanda saba za dola. Wakulima waliochomewa nyumba ndo wakachangishwa kumlipa aliyechoma ili aondoke.

Bwana Nyaraka

Ndiyo, na wakaenda tena Nuremberg 1649 wakakaa mwaka mzima na zaidi kupanga jeshi gani linatoka mji gani tarehe gani, kila awamu ya pesa na awamu ya askari. Mabalozi wakubwa walishaondoka. Nikipata muda nitaanzisha uzi wake.

Ila kitu kimoja nikurekebishe Mchota Maji, uliposema juu kule kwamba vita viliisha 1648. Siku wanasaini, 24 Oktoba, Wasweden walikuwa bado wanaupiga Prague, habari zilikuwa hazijafika. Na Ufaransa na Uhispania hawakusaini amani kati yao, waliendelea mpaka 1659.